Kikombe Alichonipokonya Jirani

Nilirudi nyumbani Subukia na mabegi mawili, nikiwa nimeacha ndoa ya miaka tisa Nakuru. Mama hakuniuliza kitu. Alinifungulia lango, akachukua begi lililokuwa zito zaidi, akaniambia chumba changu kimejaa mahindi ya mbegu, nisogeze magunia nipate pa kulala. Njia nzima nilikuwa nimepanga majibu, na sasa hapakuwa na swali. Nilibaki nayo kifuani.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alitoka magharibi akiwa kijana, akafanya kazi Nakuru hadi akastaafu, ndipo yeye na mama wakanunua kipande cha shamba huku bondeni, wakapanda kahawa na kufuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakukaa sana, akafa. Mwaka huohuo wa msiba mama akagunduliwa ana ugonjwa wa sukari.

Mimi niliufanya ugonjwa huo kuwa kazi yangu. Nyumba yangu ilikuwa imenishinda, na nadhani nilitaka nyumba nyingine ambayo ingenitii. Wiki ya kwanza tu nilitoa sukari yote jikoni. Nikatoa asali, nikatoa jem, nikatoa biskuti alizowawekea wageni. Nyuma kabisa ya kabati nikapata kopo la glukosi ya unga.

"Hiyo wacha," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Daktari ndiye aliniambia nikae nayo."

"Mama, hii ni sukari."

"Najua ni sukari."

"Sasa?"

Hakubishana nami. Siku hizo hakubishana nami juu ya chochote. Alikuwa ananichunga kama mtu anavyochunga ndama mgonjwa. Vyote nikavipeleka kwa mama mmoja wa kanisani mwenye wajukuu wengi, nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Nilimsimamia dawa vilevile. Kidonge cha asubuhi, kidonge cha jioni, na mimi mbele yake mpaka ameze. Chakula sikukisimamia. Kilichonitia hofu ni dawa, asije akaisahau. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu mzima, mkulima, anaweza kumeza dawa na asile, tena kwa kupenda mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, kahawa imeiva na mvua ya usiku imelainisha udongo. Alimeza kidonge chake, akasema uji atakunywa baadaye kidogo, akachukua kikapu akaenda kuchuma. Mimi nilikama ng'ombe, nikafua, na kwenye saa tatu nikamfuata na ndoo.

Alikuwa mkali. Alinikemea kwamba ninachuma mbichi, ilhali sikuwa nimegusa hata tunda moja. Alikuwa anatiririka jasho, na asubuhi za kwetu ni za sweta. Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Halafu akasema, kwa ulimi mzito kama wa mtu aliyelewa, "Wewe rudi kwa bwanako."

Jasho nililiona. Ule ulimi mzito niliusikia. Lakini ni yale maneno yaliyoniingia. Niliiacha ndoo palepale, nikarudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka shingo ikauma.

Sijui nililia kwa muda gani, labda nusu saa. Mama huimba akichuma, nyimbo za kanisa, ubeti mmoja anaurudia mara kumi kwa sababu hakumbuki unaofuata. Nilipoacha kulia nikagundua kwamba sisikii mtu akiimba.

Nilimkuta kati ya mistari miwili ya kahawa. Alikuwa ameanguka chali, mguu mmoja umekunjika chini yake, kikapu kimepinduka na matunda mekundu yametapakaa kifuani na kwenye kitambaa cha kichwa. Nikamwita. Nikamtikisa bega. Macho yalikuwa nusu wazi, lakini hayakuwa yakitazama kitu. Nguo zilikuwa zimelowa chapachapa, na ngozi yake ilikuwa na ubaridi wa kitu kilicholala nje. Kooni alikuwa anakoroma. Mkono wa kushoto ulikuwa unashtukashtuka wenyewe.

Wazo lililonijia lilikuwa moja tu: sukari imepanda. Kanisani, sokoni, kwenye foleni ya kliniki, kila mtu niliyewahi kumsikia akizungumzia ugonjwa huu alisema sukari ilipanda. Kwamba inaweza kushuka hadi ikamwangusha mtu, hilo labda niliambiwa siku moja na sikulisikia.

Nikakimbia nyumbani. Mashine ya kupimia ilikuwepo, lakini vile vijiti vyake vya kuwekea damu vilikuwa vimekwisha tangu wiki iliyopita. Sehemu inayofuata ningependa kuiruka. Nilitoa kidonge kingine cha dawa yake ya sukari kwenye pakiti, nikakiponda kwa kijiko, nikakikoroga kwenye kikombe cha maji, nikakimbia nacho hadi shambani. Nilipiga magoti kwenye tope, nikamwinua mama kichwa, nikaanza kumfungua mdomo kwa nguvu. Meno yalikuwa yameumana. Nilikuwa napiga mayowe wakati huo wote bila kujua, na ni mayowe hayo yaliyomleta jirani.

Ni mama wa Kikuyu wa umri wa mama yangu, mjane pia, anayekaa peke yake upande wa pili wa ua. Hakuzunguka langoni. Alipita katikati ya ua wenyewe, miiba ikamchana sweta.

"Nini hiyo unampea?"

"Dawa. Dawa yake ya sukari."

Alinipokonya kikombe akakirusha huko kwenye kahawa.

"Unataka kumuua? Amekula?"

"Sijui."

"Wewe, niangalie. Amekula ama hajakula?"

"Hajakula. Alisema atakunywa uji baadaye."

"Na dawa ya asubuhi alimeza?"

"Alimeza. Nilimwona mimi mwenyewe."

"Basi sukari imemwishia mwilini. Imeshuka. Lete sukari, kimbia!"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Sukari. Kwa nyumba hakuna sukari."

Jirani akaonyesha kwake kwa mkono. "Jikoni, juu ya kabati, kopo la bluu. Mlango uko wazi. Enda."

Nilipita palepale alipopitia. Sketi ikanasa, nikaiacha ichanike. Mbwa wake ananijua lakini siku hiyo hakunijua, alinifuata akibweka hadi mlangoni. Jikoni mlikuwa na giza na moshi, na juu ya kabati kulikuwa na makopo mawili, yote ya bluu. Nikafungua moja nikaonja kwa kidole. Chumvi. Nikafungua la pili, na ule utamu ulipogusa ulimi nilitoa sauti ambayo sijawahi kujisikia nikiitoa.

Niliporudi alikuwa amemgeuza mama ubavu, goti moja limekunjwa mbele kumzuia asibingirike, kichwa kimelegezwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini. Mate yalikuwa yanamtoka yakiingia kwenye udongo. Nikashika kopo, nikasema nakimbia kuchukua maji niikoroge.

"Hakuna maji! Mtu hajijui hanyweshwi kitu. Itaingia kwa mapafu." Akachovya kidole mdomoni mwake mwenyewe, akakichovya kwenye sukari, akakipitisha ndani ya shavu la mama, nje ya meno, akawa anasugua kwenye fizi. Akarudia. Akarudia tena. "Kidole kisipite kati ya meno, atakiuma. Hapa kwa shavu tu. Kidogo kidogo. Wewe mwite."

Nikamwita. Nilimwita Mama, nikamwita kwa jina lake, nikamwita kama baba alivyokuwa akimwita. Jirani kwa mkono mmoja alikuwa anasugua sukari na kwa mkono wa pili amempigia mwenye pikapu inayokusanya maziwa, kwa sababu ambulensi ingetoka Nakuru na Nakuru ni mbali. "Wacha kila kitu ukuje," alikuwa anasema kwenye simu. "Nimesema wacha kila kitu."

Mama hakuamka. Nataka ieleweke kwamba hakuamka, tena si kwa dakika moja wala mbili. Sukari ilikuwa inayeyuka na kutoka na mate, tunaweka nyingine, nayo inatoka. Nilikuwa nimemshika mkono ule unaoshtuka, na ulipoacha kushtuka nikadhani ndio mwisho. Niliomba. Sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu aniachie huyu mmoja, na kama anataka nirudi kwa mume wangu nitarudi, leo hii, nitapanda gari nirudi. Nilisema kwa sauti. Jirani alisikia, akaendelea kusugua.

Kisha mama akameza. Kitu kidogo tu kooni, juu na chini. Jirani akasema, "Eeh. Hivyo. Meza." Akameza tena. Kope zikatikisika. Baada ya muda, akiwa hajafungua macho vizuri, akasema, "Mbona mmenilaza kwa matope?"

Hapo ndipo alipokaa, tumemwegemeza kwenye magoti yangu, na jirani akaenda kwake akaleta turungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolezwa sukari, na viazi vitamu vilivyobaki jana. Mama alishika kikombe mwenyewe kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, nimejaa matope hadi nyweleni. Kiazi alikimega kidogo akakirudisha. Akasema hana njaa, ameshakuwa sawa, twende tukachume.

"Unaenda hospitali," jirani akasema.

"Kwa kuanguka tu?"

"Hiyo dawa yako si ya saa moja. Bado iko ndani na itakurudisha chini tena."

Ningetaka kuandika kwamba nilimuunga mkono. Ukweli ni kwamba nilitaka sana jambo hilo liwe limekwisha. Nilisema labda tungoje tuone. Pikapu ilipofika langoni jirani alimshika mama kwapa moja akaninyooshea kidevu nishike lingine, naye akaingia na lile kopo lake.

Tulikaa mbele wote, mama katikati yangu na jirani, dereva akiwa amebanwa mlangoni kwake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayewaita wote wanaomzidi umri mathe na mzee. Nyuma mitungi ya maziwa ya watu ilikuwa inagongana. Tulikuwa hatujafika mlima wenye udongo mwekundu wakati kichwa cha mama kilipoegemea bega langu. Nikamwacha apumzike. Nikahisi joto la furaha kwamba ananiegemea.

"Amelala?" jirani akauliza.

"Amechoka."

Akamfinya sikio kwa kucha. Mama hakushtuka.

Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza hujui unachongoja. Tulimgeuza ubavu mapajani petu, jirani akaanza tena na kidole na sukari, na sasa koponi sukari ilikuwa imebaki kidogo chini, iliyochanganyika na matope ya mikono yetu. Pikapu ikaanza kupanda mlima. Ikapanda nusu, magurudumu yakazunguka bila kushika, tukateleza nyuma. Dereva akajaribu tena. Tukateleza tena, kwa upande, kuelekea mtaro.

"Mathe, hii gari ni nzito," akasema.

Nilimpigia kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila najua nilimtukana mtu aliyekuwa ameacha kazi yake kwa ajili yetu. Alishuka, akaanza kuteremsha mitungi ya maziwa, mmoja mmoja, akaipanga kando ya barabara. Maziwa ya kila nyumba ya upande wetu, yetu yakiwemo, yakakaa pale juani bila mlinzi. Alipomaliza aliingia, akarudi nyuma hadi chini kabisa, akaupanda ule mlima kwa kasi moja huku ametoa ulimi nje kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tukapita.

Kwenye zahanati kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto wa chanjo. Dereva alimbeba mama mikononi, akipita kati yao akisema samahani, samahani. Daktari alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alimchoma mama kidole, mashine ikasoma moja nukta nne, ilhali haifai kushuka chini ya nne, akaita muuguzi kwa sauti iliyonyamazisha ukumbi mzima.

Mshipa haukuonekana. Alijaribu mkono wa kushoto, mshipa ukapasuka. Akajaribu chini kidogo, hakuna. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Sikuwa na ahadi iliyobaki ya kumpa Mungu, nilikuwa nimeshaitoa ile kubwa shambani. Daktari akafunga mpira kwenye mkono wa kulia, akapigapiga, akafumba macho na kupapasa kwa kidole. Akapata. Bomba la sindano lilikuwa nene, glukosi ndani yake nzito kama maji ya muwa, na aliisukuma polepole mno, nikatamani kumsukuma mkono.

Sindano ilikuwa bado haijaisha mama alipofungua macho. Safari hii yalikuwa yanatazama. Aliniona, akaniita kwa jina langu.

Tulipokuwa tunangoja ambulensi ya kumpeleka Nakuru, nilimuuliza jirani alijuaje yote yale. Tulikuwa kwenye benchi la nje. Alikuwa anatoa miiba ya ua kwenye sweta yake, mmoja mmoja.

"Mzee wangu alikuwa na hii sukari," akasema. "Aliangukia jikoni. Nikajua imeshuka, hiyo nilijua. Nikammiminia soda kwa mdomo, yote, nikiwa nimemshika kichwa vile wewe ulikuwa umemshika huyu. Hakufa na sukari. Alikufa na soda."

Nilimsaidia kutoa miiba.

Hospitalini Nakuru walimweka kwenye dripu ya glukosi na kumpima kila baada ya muda, kwa sababu, kama jirani alivyosema, dawa ilimvuta chini mara nyingine, ingawa safari hii waliiwahi. Siku ya tatu daktari wa wodi akambadilishia dawa na kunieleza mambo ambayo sasa ninayajua kama jina langu: asimeze dawa bila kula, kitu cha sukari kisikose nyumbani wala mfukoni mwake, na akianza jasho, ukali au maneno yasiyoeleweka, apewe kitu kitamu mara moja angali anaweza kumeza, maswali baadaye. Niliitikia. Nilikuwa nawaza lile kopo la glukosi.

Daktari alipoondoka nikamuuliza mama kwa nini hakunywa uji.

"Nilikuwa nimefunga."

"Umefunga?"

"Ilikuwa siku ya tatu. Nilikuwa nakula kidogo jioni."

"Na dawa unameza?"

"Si ulikuwa unanisimamia?"

"Kufunga kwa ajili gani, Mama?"

"Yako," akasema. "Ya nyumba yako. Mungu arudishe nyumba yako."

Nilikasirika. Mgonjwa yuko na sindano mkononi, na mimi nilikasirika hadi nikaona vitanda vikicheza. Nilimwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia jinsi mume wangu alivyonibana mkono kwenye mlango wa chuma na kuusukuma, na jinsi alivyonipeleka hospitali mwenyewe, hii hii, akamweleza daktari kwamba niliteleza bafuni, huku mimi nikitikisa kichwa kukubali. Nilimwambia haikuwa mara ya kwanza. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa wengine, na kusema chini kulinichosha kuliko kupiga kelele.

Mama alinyoosha mkono usio na sindano, akashika kifundo changu cha mkono. Kwa kidole gumba alipapasa mfupa hadi akapata pale ulipounga vibaya.

"Ulikuwa hutaki kuniambia?"

"Nilingoja uniulize."

"Mimi nilingoja useme."

Nikamwambia pia kuhusu ile ahadi, kwamba akiwa amelala kwenye tope nilimwapia Mungu nitarudi kwa yule mtu. Nilisema sijui sasa nifanye nini, kwa sababu Mungu alifanya upande wake.

"Hiyo niachie," mama akasema. "Mimi ndiye nilimpigia magoti siku tatu. Nitaongea na yeye."

Saa sita wakaleta chakula, ugali na kabeji na kipande cha yai. Nikataka kumlisha, akakataa. Alikula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, vibaya, akidondosha kabeji kwenye shuka, na mimi nikahesabu kila tonge linavyoshuka kooni.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Nakula."

Alimaliza yote. Nikachukua sahani nikaenda kuiosha kwenye bomba la nje. Nikafungua maji, nikasugua sahani. Kabla sijaisuuza nilikaa chini kwenye saruji yenye maji, sahani mapajani, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ya bomba akanishika bega, akaniuliza kama nimefiwa.

"Hapana," nikamwambia. "Amekula."